Wauzaji, tuandikieni sentimita: namba za viatu na saizi za nguo zinatutesa (uzi)

Kisigino (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Muuzaji wa viatu akikuona umesimama mbele ya meza yake anauliza kitu kimoja: "Namba ngapi, bosi?" Nikijibu 44, Kariakoo napewa 44 inayonibana vidole. Nikishuka Karume kwenye mitumba, 44 iliyotoka Ulaya inanikaa vizuri, na zipo 43 zinazoingia bila kusukuma. Mtandaoni ndiyo usiseme. Nimeletewa raba na bodaboda, usafiri nimelipa mimi, na nilipomwambia muuzaji haiingii akajibu, "Ulisema 44, nimekupa 44." Na kweli imeandikwa 44. Mguu wangu ni uleule kote huko, una sentimita 27.5, na nimechoka kuambiwa sijui namba yangu.

Kwa hiyo nimekaa nikazichambua hizi namba moja moja. Naweka yote hapa kwa sababu naona watu wengi wanajilaumu bure, wengine wanaamini kabisa kwamba miguu yao ina kasoro. Haina.

Tuanze na hizi 38, 40, 42 tulizozizoea. Zilitoka Ufaransa karne ya 19. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67, na kinachopimwa ni kalibu, lile umbo la mbao au plastiki ambalo kiatu hutengenezwa juu yake. Chukua urefu wa kalibu kwa sentimita, zidisha kwa 1.5, umepata namba. Kalibu ya sentimita 28 inatoa 42. Ila kalibu lazima iwe ndefu kuliko mguu ili vidole vipate nafasi, na nafasi hiyo kila kiwanda kinajiamulia. Raba yenye mbele ya mviringo inaweza kuongezwa sentimita moja na nusu. Kiatu cha ofisini chenye ncha kitaongezwa mbili na nusu, kwa sababu hakuna kidole kinachofika kwenye ile ncha. Basi mwenye mguu wa sentimita 26 atavaa 41 kwenye raba na karibu 43 kwenye kiatu cha ncha, na viwanda vyote viwili vimepiga hesabu sahihi.

Waingereza wao wanahesabu kwa punje ya shayiri: theluthi moja ya inchi, milimita 8.47. Wanaanzia inchi 4, watoto wanahesabiwa hadi 13, kisha namba zinaanza tena 1 kwa wakubwa. Wamarekani wakachukua hatua ileile ya punje lakini wakaanzia mahali pengine kidogo, ndiyo maana 8 ya Uingereza huwa 8.5 au 9 ya Marekani kwa wanaume, na kwa wanawake inapanda tena. Sasa hatua ya 6.67 na hatua ya 8.47 hazikutani popote vizuri. Kila jedwali la kubadilisha namba unaloliona ukutani dukani ni makadirio, na kila kampuni inakadiria kivyake. Ukiwa na raba mbili nyumbani hebu soma ulimi: Nike ya 42 imeandikwa UK 7.5, Adidas ya 42 imeandikwa UK 8. Wale Adidas ndio hata wana namba kama 41 1/3 na 42 2/3, kwa sababu wanafuata hatua ya Kiingereza na Ulaya inabaki na vipande.

Sasa njoo China, maana huko ndiko kunakotoka viatu vipya vingi tunavyonunua. Kiwango chao cha taifa kinapima mguu wenyewe kwa milimita. Namba ya zamani, ambayo bado inaandikwa kwenye viatu, inapatikana hivi: sentimita za mguu mara mbili, toa 10. Mguu wa 25 ni namba 40. Wa 26 ni 42. Wa 27 ni 44. Mmeona kilichotokea? Kila namba hapo ni milimita 5, ya Ulaya ni 6.67. Kwa sura ni 40 na 40, na kweli kwenye 40 zinakaribiana sana. Ukipanda zinaachana. 45 ya Ulaya, ukitoa sentimita moja na nusu ya nafasi ya vidole, inabeba mguu wa 28.5. 45 ya hesabu ya Kichina inabeba mguu wa 27.5. Sentimita nzima! Ukishuka inageuka: 36 ya Kichina ni mguu wa 23, ya Ulaya ni 22.5. Ndiyo maana sisi wenye miguu mirefu tunalalamika viatu vya Kariakoo vinabana, na dada zetu wenye miguu midogo wanalalamika vinapwaya. Wote tunasema kweli.

Na msikimbilie kusema "cha Mchina ongeza namba moja, basi". Viwanda hivyohivyo vinashona oda za Ulaya kwa hesabu ya Ulaya, na mzigo unaweza kuishia soko moja. Cha kushika ni hiki: ukiona kwenye boksi au ndani ya ulimi imeandikwa 260 au 265, hizo ni milimita za mguu ambao kiatu kimetengenezewa. Pembeni yake mara nyingi kuna namba ndogo kwenye mabano, 1.5 au 2 au 2.5. Hiyo ni upana. Ikiongezeka, kiatu kinapanuka.

Upana ndio tuliousahau kabisa. Marekani wanaume wana D kama upana wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi. Miaka ya 1920 huko Syracuse, New York, Charles Brannock alibuni kile chombo cha chuma cha kupimia mguu dukani, na chombo chake kinapima vitu vitatu: kisigino hadi kidole kirefu, kisigino hadi pale mguu unapokunjika, na upana. Vitatu! Sisi tunaulizwa kimoja, tena kwa namba isiyojulikana imetoka hesabu gani. Utafiti uliofanywa India kwa watu wanaotembea peku ulionyesha miguu yao ni mipana zaidi mbele, na wengi wetu tuliokulia mikoani tulienda peku utotoni. Mtu kama huyo akivaa kiatu chembamba anakimbilia namba ndefu ili apate upana, matokeo yake kisigino kinatoka kila akipiga hatua na ncha ya kiatu inajikunja. Fundi viatu anaongezewa kazi bure.

Dawa ipo tangu miaka ya 1970. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina mfumo unaoitwa Mondopoint: urefu wa mguu kwa milimita, na upana wake kwa milimita, basi. Majeshi ya NATO wanautumia kwa buti, watengenezaji wa viatu vya kuteleza kwenye theluji wanautumia. Japani viatu vinauzwa kwa sentimita na watu wanaishi vizuri tu.

Ombi langu kwa wauzaji humu, hasa mnaouza Instagram na WhatsApp: tuandikieni sentimita za ndani ya kiatu. Na sisi wateja tupime miguu yetu. Karatasi sakafuni, kisigino ukutani, simama wima uzito wote ukiwa mguuni, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, siyo gumba). Pima miguu yote miwili, chukua ule mkubwa. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa.

Karibuni tujadili.

---

machinga_mstaafu

Mkuu Kisigino, uzi umeshiba. Ila naomba niwatetee wenzangu.

Sisi viatu tunachukua jumla, boksi limeshaandikwa namba huko kilikotoka. Hatukuandika sisi. Mteja anakuja ana haraka, jua kali, mgambo hawajulikani watatokea saa ngapi, unataka nianze kumwambia habari za milimita? Nikimwambia "kiatu hiki sentimita 28" ananiangalia kama namtania, anakwenda meza ya pili. Yeye anataka kusikia 43.

Halafu kuna jambo ambalo wateja hamlisemi. Kuna dada mguu wake unaonekana kabisa ni 42, anakuambia 40 kwa sababu anaona haya. Kuna kijana anapenda kutaja namba kubwa. Mimi nilikuwa nasikia anachosema, halafu naangalia mguu, nampa ninachoona kitamtosha bila kumsomea namba. Akishavaa kikakaa, haulizi tena.

---

Kisigino

Mkuu machinga, huo ulikuwa uuzaji mzuri na ndicho ninachokililia. Mezani mteja yupo, mguu upo, jicho lako linapima. Mtandaoni jicho hilo halipo. Mtu yuko Songea, kiatu kinapakiwa kwenye basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, kikifika hakimtoshi, muuzaji ana bango lake "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nani anabeba hasara?

Na kupima hakuli muda. Toa soli ya ndani, ile inayochomoka, ilaze juu ya rula ya shule ya sentimita 30. Andika. Kwa raba nataka soli izidi mguu wangu kwa sentimita moja hivi. Kiatu ambacho soli yake haichomoki, ingiza futi kamba hadi iguse mbele. Ukiandika chini ya picha "ulimi 44, ndani sm 28.4", mteja wa Songea anajua, na wewe hupigiwi simu za lawama. Upande wa aibu nao unapungua. Hakuna anayeona haya kutaja sentimita 26.

---

binti_tanga

Kaka Kisigino umeanza na viatu, mimi naomba tuhamie kwenye magauni maana huko ndiko naumia.

Niliagiza gauni la harusi ya dada yangu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, Dar. Nikamwambia navaa XL. Limefika Tanga siku mbili kabla ya shughuli. Kifuani linaingia, kiunoni linapwaya, kwenye nyonga halipiti kabisa. Nikampigia, akaniambia nimenenepa! Nimenenepa wapi na gauni la XL la mtumba nililonunua mwezi huohuo nikalipunguza kwa fundi? Nililia kweli. Nikavaa kitenge, dada aliolewa, lakini lile neno bado limenikaa.

Naomba mwenye kujua anieleze, XL ni nini hasa?

---

fundi_cherehani

Dada binti_tanga, pole sana. Hukunenepa. Mimi kazi yangu ni cherehani, kina mama wanaingia kibandani kwangu na kesi hii hii kila wiki, kwa hiyo niache niandike kwa urefu.

XL ni herufi tu. Hakuna inchi ndani yake. M ni saizi ya kati ya watu ambao yule mshonaji anawafikiria, na L na XL zinapanda kutoka hapo. Anayeshona kwa ajili ya soko la Guangzhou anamfikiria mtu tofauti na anayeshona kwa ajili ya Marekani. Kwa hiyo XXL ya kwanza inaweza kulingana na L ya pili, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Nguo ya Kichina tafuta lebo ndogo yenye kitu kama 165/88A. 165 ni urefu wa mvaaji kwa sentimita, 88 ni kifua chake, na A ni umbo. Herufi hiyo inatokana na kifua kutoa kiuno. Kwa wanawake, A ni tofauti ya sentimita 14 hadi 18, Y ni 19 hadi 24, B ni 9 hadi 13, C ni 4 hadi 8. Kwenye suruali na sketi, mahali pa hiyo 88 unakuta kiuno badala ya kifua. Sasa angalia, nyonga haimo popote! Gauni lako lilipimwa kifua na kiuno cha mtu ambaye nyonga zake zinakadiriwa kufuatana na hivyo viwili. Wewe nyonga zako zimejaa kuliko huyo mtu, na wanawake wengi wa kwetu wako hivyo. Kwa hiyo kifua kikae, kiuno kipwaye, nyonga zigome. Umeeleza kesi yako kama kitabu.

Wamarekani nao hawako salama. Mwaka 1939 na 1940 wizara yao ya kilimo iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili wapate saizi za taifa. Hesabu ya mwisho ikachukua wanawake wazungu tu, waliopimwa wa rangi nyingine wakawekwa kando. Mwaka 1958 wakatoa kiwango rasmi kinachotokana na kazi hiyo. Kwenye kiwango hicho saizi 8 ilikuwa kifua inchi 31, kiuno inchi 23 na nusu. Mwaka 1983 serikali yao ikakiondoa, kila kampuni ikawa huru. Kampuni zikagundua mteja anafurahi akiambiwa ni 8 kuliko 14, basi nguo zikawa zinatanuka na namba inabaki palepale. Leo gauni la saizi 8 la Marekani kiuno kinafika inchi 28 na zaidi. Wanaume msicheke, suruali zenu ni hivyohivyo: mwaka 2010 mwandishi wa jarida la Esquire alichukua futi kamba akapima suruali zilizoandikwa kiuno 36, akakuta nyingine ina inchi 41. Hiyo 36 imeandikwa kama inchi kabisa.

Tena hapo sijagusa kiwandani. Kiwanda kinatengeneza mfano mmoja wa saizi ya kati, kinamvalisha mtu mmoja, kikiridhika kinaongeza na kupunguza kwa kiasi kilekile kwenda juu na chini. Anayefanana na yule wa kati nguo inamkaa. Ukiwa XXL umeongezewa hata mabega na urefu wa mkono, wakati mwili ukinenepa mabega hayapanuki kwa kiasi hicho. Baada ya hapo kitambaa kinatandikwa tabaka juu ya tabaka, kisu cha umeme kinapita mara moja. Tabaka za juu na za chini hazikatwi sawasawa. Nusu inchi kupotea ni jambo la kawaida, wanaikubali. Ndiyo maana mnaweza kununua jinzi mbili, lebo moja, rangi moja, moja ikafunga na nyingine ikagoma.

---

gikomba_asubuhi

Habari za huko wadau. Mimi niko Nairobi, nauza mtumba Gikomba. Fundi ameongea ukweli wote, wacha niongeze ya huku.

Belo likifunguliwa hapa, ndani kuna nguo za nchi tano. Gauni la Uingereza limeandikwa 12, la Marekani 8, la Ujerumani 38, la Ufaransa 40, la Italia 44. Hayo yote ni ya mwanamke mmoja! Mteja ambaye hajui anaona 44 anaruka, anafikiri ni nguo ya mtu mkubwa sana, na kumbe ni saizi yake. Wale wanaokuja alfajiri kuchagua kamera, yaani zile nguo bora za belo, hawasomi lebo hata kidogo, wanaangalia nguo.

Sisi suruali tunapima na shingo. Unafunga kifungo, unashika kiuno cha suruali unakizungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, itakutosha. Viatu unaweka kwa mkono, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Wazee walitufundisha hivyo.

---

fundi_cherehani

Ndugu wa Gikomba, ya shingo hata huku Karume wanaitumia, na inasaidia kwa sababu mzunguko wa shingo kwa watu wengi unakaribia nusu ya kiuno. Ila mwanaume mwenye kitambi shingo yake haijui habari za tumbo, na mwanamke mwenye nyonga kubwa suruali itapita mtihani wa shingo halafu itakwama mapajani. Itumieni sokoni mkiwa hamna futi kamba. Mkiwa nayo, pimeni.

Mtumba una uzuri mmoja ambao sijaona ukisemwa. Nguo ya pamba ikiwa mpya hupungua ikifuliwa mara za kwanza, mtumba umeshafuliwa huko ulikotoka, umeshapungua. Ukiupima leo, kipimo hicho utakaa nacho. Jinzi mpya ya pamba tupu inayokubana dukani fikiria mara mbili.

---

binti_tanga

Fundi, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Sasa nimwambie nini muuzaji nikiagiza tena? Maana nikimpa vipimo vya mwili wangu ananijibu "XL itakutosha dear".

---

fundi_cherehani

Usimpe vya mwili. Chukua gauni lako linalokukaa vizuri kuliko yote, litandike kitandani bila kulivuta. Pima kwapa hadi kwapa, pima kiuno pale linapobana, pima nyonga kwenye upana wake wote, pima kutoka begani hadi pindo. Mwambie muuzaji: "Naomba utandike gauni unaloniuzia, upime sehemu hizi nne." Ukilinganisha nguo na nguo, hakuna mahali pa kubishana. Kama kitambaa kinavutika mwambie akuambie, hapo unaweza kupungukiwa kidogo. Kama hakivutiki, nyonga usikubali ipungue hata nusu inchi.

Ukilazimika kuchagua, chagua linalotosha nyonga, kiuno mwachie fundi. Kupunguza kiuno ni kukunja kidogo nyuma na kushona, kazi ya muda mfupi. Kuongeza nyonga kunategemea kama mshonaji aliacha kitambaa ndani ya mshono, na nguo nyingi za siku hizi hawaachi, wanabana kitambaa. Geuza nguo uangalie ndani kabla ya kulipa.

Asipotaka kupima, achana naye. Nunua kitenge, njoo kwa fundi wa mtaani kwenu akupime wewe.

---

mwana_malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni wa Unguja, kwa sasa nipo Maskati dukani.

Huku na kwetu kuna nguo ambayo namba yake haijapotoka: kanzu na abaya. Abaya ya 56 ni inchi 56 kutoka begani hadi chini, ya 58 ni inchi 58. Kanzu nayo vivyo hivyo. Mwanamke akijua urefu wake mara moja, ananunua Dubai, Maskati, Mombasa au Darajani, hasumbuki. Upana wa mabega ndio wa kuangalia, lakini vazi lenyewe ni pana kwa hiyo haliumizi sana. Naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa asilimia zote. Namba ikiwa na kipimo ndani yake watu wanafanya biashara kwa amani.

Ila tahadhari: siku hizi zimeingia abaya za S, M, L kutoka viwandani. Wateja wangu wa zamani wananirudia wanauliza "hii M ni 54 au 56?" nami nalazimika kupima moja moja.

---

machinga_mstaafu

Shekhe, hiyo ya abaya imenigusa kuliko zote, kwa sababu mke wangu anauza abaya na kweli sijawahi kusikia ugomvi wa saizi kwake.

Mkuu Kisigino, nimempigia mdogo wangu aliyerithi meza yangu. Amekubali kujaribu kwa raba za mtandaoni tu, mezani ataendelea na jicho. Nimemwambia atumie kalamu nyembamba aandike chini ya soli ya ndani, ili hata mzigo ukichanganyika asipime tena.

---

mama_wawili

Jamani shule zinafunguliwa, mimi nina watoto wawili na nimechanganyikiwa. Viatu vya shule vya huyu mdogo vimeandikwa 13, vya kaka yake 2. Nguo nazo zimeandikwa "miaka 7–8" na mwanangu wa miaka 6 hazimtoshi. Nifuate nini?

---

Kisigino

Dada, viatu hivyo viko sawa. Ni hesabu ya Kiingereza niliyoieleza juu: watoto wanafika 13, inayofuata baada ya 13 na nusu ni 1. Kwa hiyo 2 ni kubwa kuliko 13. Usiruhusu muuzaji akubadilishie kwa kudhani umekosea.

Wapime miguu jioni kwa karatasi kama nilivyoandika. Kwa mtoto acha sentimita moja hadi moja na nusu ya kukulia, usizidishe. Najua bei za viatu na najua tunataka vifike mwaka mzima, lakini kiatu kinachopwaya kinamwangusha mtoto na kinamchubua kisigino. Mbonyeze kidole gumba akiwa amesimama. Akiwa amekaa mguu unajifupisha kidogo.

Nguo za miaka achana na miaka. Tafuta lebo ya Ulaya, nyingi zinaandika urefu wa mtoto kwa sentimita: 104, 110, 116, 122. 116 ndiyo wanayoihesabia miaka 6, 122 miaka 7. Msimamishe mwanao ukutani, weka kitabu kichwani, piga alama, pima. Akiwa na sentimita 121 nunua 128, avae na muhula ujao. Sare ya kushona mpe fundi kitambaa na umwombe aache pindo la kutosha chini na ndani ya mishono, litakuja kuachiliwa.

Ukipata vipimo vya miguu yao viweke hapa, machinga_mstaafu atamwambia mdogo wake akuangalizie.